Siku Timu Yetu Ilipobaki na Mimi Peke Yangu

Mimi shule niliipita kwa nje nikienda kuogelea, kwa hiyo mahesabu usiniulize. Lakini mpira wa Waaustralia niulize. Ule mpira naujua mpaka nikiuota usiku mke wangu anaamka na michubuko.

Si mpira unaoufikiria wewe. Wenyewe una umbo la papai. Unaupiga kwa mguu, unaupiga kwa ngumi, na ukikimbia nao sharti uwe unaudundisha, na papai likidunda haliendi unakotaka wewe, linaenda kwa shangazi yake. Goli halina wavu wala mwamba, ni milingoti minne imesimama kama minara ya simu. Ukipitisha katikati unapata pointi sita, ukipitisha pembeni wanakuonea huruma wanakupa moja. Na ukiudaka hewani ukitoka mguuni kwa mtu, basi mchezo unasimama, hakuna ruhusa ya kukugusa, wewe ni mfalme. Ndiyo maana watu wanapandiana migongoni. Tuna Mzanzibari mmoja, dereva wa basi, aliwahi kuruka juu ya bega la mtu akakaa huko juu mpaka tukadhani ameshaiona Unguja.

Niliingiaje mimi? Kazi yangu kufagia uwanja mkubwa pale Wembley, London, watu wakishaondoka na kuacha vikombe vyao. Jumamosi moja natoka shifti, nakatiza bustani ya upande wa Neasden, nikawakuta vijana wa Kiaustralia wamepungukiwa mtu. Mmoja akanionyesha kidole: simama pale. Nikasimama, nikidhani ananifukuza uwanjani. Mara papai likaja, likanitua tumboni, nikalikumbatia lisinivunje mbavu. Watu wote wakasimama wakanipigia makofi. Bwana we! Tangu nizaliwe sijapigiwa makofi kwa kuwa na tumbo.

Wiki ya pili nikaja na Mkongomani ninayefagia naye. Yeye akaja na nusu ya kwaya ya kanisani kwao. Mzanzibari akaleta wenzake wa gereji ya mabasi. Na Waaustralia wenyewe visa zikawa zinaisha, wanarudi kwao mmoja mmoja, na kila akitoka Mwaustralia anaingia Mswahili, mpaka siku moja tukaangaliana uwanjani tukakuta timu nzima inatukanana kwa Kiswahili, na mwenye pua nyekundu ni kochi tu. Halafu na kochi naye akarudi kwao.

Watu wa ligi wakatuletea mpya. Kijana wa Kiaustralia, fundi bomba, sharubu kama mswaki, mpole, anasema asante hata akikanyagwa. Mwezi wa pili, bado baridi inang'ata masikio, akatuma meseji kwenye grupu: msimu unakaribia, nataka tupitie majina ya wachezaji, tujue nani anabaki na nani hatufai, itachukua dakika kumi.

"Dakika kumi!" Mkongomani akanipigia simu anacheka. "Huyu mutoto anataka kupima batu ao anataka kupima nyanya?"

Kwa sababu sisi, unatujua. Waswahili wawili wakikutana kwenye lifti, kabla haijafika juu wameshaunda kamati. Jambo la kumwacha mtu au kumchukua haliamuliwi kwa simu. Linataka kikao, mwenyekiti, katibu, chai, na mengineyo. Muhindi wetu, mzaliwa wa Mombasa mwenye duka pale Wembley, ndiye mtunza fulana zetu. Akajitolea stoo yake Jumapili mchana. Mimi nikachaguliwa mwenyekiti, si kwa akili, kwa sauti.

Sasa nikwambie kilichokuwa kinanikosesha usingizi. Umri wangu ni siri ya serikali. Tumbo langu si siri ya mtu. Msimu uliopita kuna mechi nilikimbilia mpira, nilipoufikia wenzangu walikuwa wameshaoga. Nilijua likisomwa jina langu, kazi imekwisha. Na mke wangu alikuwa anangojea hilo kwa hamu. Yeye mshonaji, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kwenda Southall kuchagua vitambaa.

"Mume wangu, wakikuacha mwaka huu," akaniambia, "Jumamosi zako zote nimeshazipangia kazi. Utanibebea mikoba."

Wewe hujamwona anavyochagua kitambaa. Anakishika, anakinusa, anakihoji kama uhamiaji, halafu anasema twende duka la jirani. Lakini tuache mzaha kidogo. Kazini nafagia peke yangu safu hadi safu, viti maelfu, hakuna kiti kinachoniita. Jumamosi ndiyo siku watu wananiona kwa mbali na kupiga kelele, "Huyoo, kontena limefika!" Wiki nzima ipite hujatukanwa na mtu anayekupenda, unachacha kama maziwa.

Basi tukakaa stooni. Kila mtu na gunia lake la mchele, kochi tukampa gunia la basmati kwa heshima. Muhindi akapika chai ya tangawizi yenye pilipili manga, chai ya kumfufua farasi. Nikafungua kikao, nikasema utaratibu ni ule ule wa nyumbani: jina likisomwa, mwenye jina anatoka nje, ili wenzake wamseme kwa uhuru, akirudi anaambiwa mazuri tu. Na kwa vile nje baridi, anayetoka anapewa kikombe chake cha chai.

Haya yote niliyasema kwa Kiswahili. Hakuna aliyekumbuka kumtafsiria kochi. Kila mmoja alidhani mwenzake kamnong'oneza.

Muhindi akasoma la kwanza, Mzanzibari. Akainuka, akapewa kikombe, akatoka.

"Haya, semeni," nikasema.

"Anaruka vizuri," akasema mmoja wa kwaya, "lakini hapasi. Akipata mpira anaendesha kama basi, mpaka kituo cha mwisho."

"Na meseji hajibu," akasema Muhindi. "Arre, mimi namwandikia mazoezi saa ngapi, yeye anituma picha ya ua! Ua lafanya nini?"

"Kwao watu wazuri lakini," akasema mwingine. "Dada yake alitupikia biriani."

Ikawa hoja nzito hiyo. Tukampitisha kwa biriani. Akaitwa, tukamwambia unaruka kama swala, akakaa, akamgeukia anayefuata kwa hamu ya kumsema.

Akatoka Mkongomani. Wakasema ana nguvu, mguu wa kushoto kama bunduki, tatizo akifunga goli anaimba pambio zima na wapinzani wameshaanza upya. Akapitishwa, ila aimbe ubeti mmoja. Wakatoka wa kwaya, wakatoka wa gereji, kikombe mkononi, mlango unafunguka, baridi inaingia, mlango unafungwa. Na kila mtu anapotoka namwona kochi anainamia simu yake, anagusa kwa kidole, anashusha pumzi. Uso unazidi kurefuka. Nikasema moyoni, maskini, pilipili manga imemshika.

Mimi nilikuwa na shughuli yangu. Kila Muhindi akikaribia jina langu, nasimama. "Kabla hatujaendelea, chai imetosha?" Akilikaribia tena: "Hebu kwanza tuzungumzie mikasi ya kukatia nyasi." Tena: "Hilo tuliweke kwenye mengineyo." Mwenyekiti ana madaraka bwana, nikayatumia mpaka yakaishiwa betri.

Majina yakaisha. Nikasema haraka haraka, "Sasa tumsikilize kochi, halafu tufunge kwa dua."

Kochi akasimama na simu yake. Macho mekundu. Akasema kwa Kiingereza kwamba amekaa na timu nyingi, kwao na hapa, lakini hajawahi kuona watu wagumu kama sisi. Kwao mtu akiachwa anapigiwa simu, anapigapiga ukuta, anahama klabu. Sisi tunamtoa mtu nje kwenye baridi na kikombe cha mwisho cha chai, na yeye anarudi anacheka, anakaa chini, anasaidia kumtoa mwenzake!

Hata panya wa stoo waliacha kutafuna.

"Kwa hiyo," akasema, "kwa msimu huu tuna mchezaji mmoja." Akaniangalia mimi. "Na sijui nitacheza naye vipi, lakini naona wote mnamheshimu, maana hakuna aliyethubutu kumtoa."

Mama yangu! Mzanzibari ndiye aliyeelewa kwanza. Akaanguka kutoka kwenye gunia. "Wallahi katufuta sote! Yakhe, katufuta sote kabakisha kontena!" Watu wakacheka mpaka gunia moja la dengu likapasuka, dengu zikamwagika, watu wakateleza juu ya dengu wakicheka. Kwaya wakacheka kwa sauti nne. Muhindi alishika mbavu kwa mkono mmoja na dengu kwa mkono mwingine. Kochi alipotafsiriwa, akakaa, akajifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Kumbe alikuwa ameshaanza kuwaandikia rafiki zake wa Hounslow awaombe wachezaji.

Nami nilicheka, nikicheka huku nasogea mlangoni. Nilitaka kufunga kikao kwenye furaha ile ile.

"Mwenyekiti," akasema Mkongomani, anafuta machozi. "Sisi wote tumetoka inje. Jina yako, je? Unalikimbia sawa vile unakimbiaka mazoezi."

"Liko kwenye mengineyo."

"Mengineyo ni sasa, mukubwa. Toka."

Muhindi akanijazia kikombe mpaka ukingoni. Kikombe kikubwa kile, nikaona dalili mbaya.

Nikatoka. Upepo wa Wembley ulikuwa unatoka moja kwa moja jokofuni. Nimesimama baina ya mapipa na makreti ya kabichi, basi linapita, abiria wananiangalia na fulana yangu ya mazoezi kama mtu aliyefukuzwa na mkewe. Ndani nikasikia kicheko. Vizuri. Halafu kimya. Halafu kimya kirefu, kimya cha watu wanaotafuta maneno ya upole. Nikaanza kujizoeza kubeba mikoba, mmoja kila mkono.

Mlango ukafunguka, akatoka kochi na kikombe chake.

"Wameniambia na mimi nitoke," akasema. "Wananijadili."

"Karibu," nikamwambia. Nikamsogezea kreti akalie.

Tukanywa chai. Akaniuliza huwa inachukua muda gani. Nikamwambia kwenye kamati ya harusi ya shemeji yangu kuna mtu alikaa nje mpaka watoto wa ile ndoa wakaanza shule. Akacheka, akaniuliza, "Unataka kweli kucheza?"

Ulimi wangu, ambao haujawahi kukosa uongo, ukakosa. Nikasema, "Nataka sana, kaka. Hii ndiyo Jumamosi yangu."

Kochi akaweka kikombe chini. Akaenda kwenye gari lake, akatoa mpira, akarudi nyuma mpaka kwenye nguzo ya taa, akaupiga juu. Ulipanda mpaka ndege zinazoshuka Heathrow zikakata kona. Nami na chai yangu mkononi nikarudi nyuma, nikarudi nyuma, nikajinyoosha, nikaudaka kwa mkono mmoja. Chai haikumwagika hata tone. Haya, ilimwagika, lakini kidogo tu, na mimi pia nilimwagika, kwenye kabichi. Ila papai sikuliachia.

"Nimeona!" akapiga kelele kochi, mikono juu.

Ndipo Muhindi akatutokea mlangoni. Akaangalia kabichi zake, akaniangalia mimi juu yazo.

"Bhai, weye wafanya nini humo? Ingieni, twawaita."

Tukaingia, tukasimama kama maharusi. Mkongomani alikuwa amekalia gunia langu la uenyekiti. "Kochi," akasema, "wewe umepita. Lakini kikao ya kesho na kesho kutwa, simu itakaa kwa meza." Kochi akatafsiriwa, akainama kama amepewa ubunge.

"Na wewe, mukubwa. Wewe tulikupitisha mbele mulango haijafunga. Utasimama pale mbele ya milingoti, usikimbie, mpira utakuja kwako."

"Sasa kimya kile chote kilikuwa cha nini?"

Wakaanza kuangaliana. Mzanzibari akashindwa kujizuia. "Fulana! Ile ya mwaka jana ilikupasukia ubavuni mbele za watu. Tulikuwa tunabishana ziunganishwe ngapi zikutoshe. Mmoja anasema mbili, mwingine anasema tushone hema. Ikabidi Muhindi ampigie simu fundi cherehani atusuluhishe, na kijana wa dukani ameshampelekea fulana."

"Fundi gani?"

Wakaanza kuokota dengu, wote kwa pamoja, watu ambao hawajawahi kuokota kitu.

Nikapanda basi kurudi nyumbani nacheka peke yangu, mama mmoja akahamisha mkoba wake. Nikafungua mlango polepole, nimeshapanga nitakavyomwambia mke wangu kuhusu Jumamosi zake. Nikamkuta sebuleni, cherehani imewashwa, fulana mbili za timu zimelazwa mezani zimekatwa ubavuni, chaki sikioni. Hakunipa hata salamu.

"Pita hapa kwenye mwanga," akasema, tepu mkononi. "Nyoosha mikono. Na usivute tumbo ndani, mume wangu, nashona fulana ya mtu ninayemjua."