Nipe Simba Mbili za Karanga

Gulio la Busi, wilayani Kondoa, halijachangamka bado. Mwajabu Masudi anakifungua kikombe chake kitenge kwa kitenge, kama anayemvua nguo mtoto mgonjwa. Anakitazama chini, anakitazama ubavuni, kisha anapitisha ukucha kwenye ufa ulio chini ya mkono wa kikombe.

"Uko palepale," anasema. "Alhamdulillahi."

Anachota karanga, polepole mno. Mteja wake wa kwanza, Bibi Swaumu, anaguna.

"Mwajabu mwanangu, unapima karanga au dhahabu? Jua linatuchoma!"

"Nivumilie, mama. Nakihofia kikombe chenyewe."

Mwajabu hakuwa hivi. Mwaka jana tu, mama huyu wa miaka hamsini na minne alikuwa akichota kwa kishindo huku anapiga soga, akikigonga kikombe kwenye debe ili karanga zijae vizuri. Kikombe chenyewe ni cha kauri, kirefu, cheupe, mkono umesukwa kama nywele, na ubavuni simba wawili wekundu wameshika ngao. Ndiyo maana hapa watu hawanunui kikombe cha karanga, wananunua simba. Mtoto anatumwa, "Nenda kwa Mwajabu, akupe simba mbili." Mwalimu wa Kiswahili angelia, lakini Busi nzima inaelewa.

Kilitoka kwa babu yake, aliyempikia mzungu mmoja mkulima karibu na Kolo. Mzungu alipofunga virago aliacha masufuria, kitanda na kikombe hicho. Bibi yake akakifanya kipimo, akamrithisha binti yake, binti akamrithisha Mwajabu. Kwa kipimo hicho mjane huyu amesomesha watoto watatu. Gulio likiwa zuri, anasema, hurudi nyumbani na faida ya shilingi elfu kumi na tano.

Kisha akaja mgeni. Alikuwa ametoka Kolo kutazama michoro ya miambani, akapita gulioni kununua karanga.

"Namwona kashika kikombe, karanga kaziacha," Mwajabu anakumbuka. "Nikasema, huyu naye vipi?"

Mgeni alimweleza kwamba kikombe kilitengenezwa China zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, kwa oda ya matajiri wa Ulaya. Simba wale ni nembo ya ukoo fulani, na huenda mchoraji hakuwahi kumwona simba maishani mwake, ndiyo maana wana nyuso za mbwa. Halafu akamwonyesha ufa. Kikigongwa vibaya mara moja, alisema, basi tena.

"Nikamuuliza, hao matajiri walinywea nini? Akanijibu bia." Mwajabu anashika mdomo. "Bia! Bibi, mama, na mimi, wote tunaswali, tunapimia karanga kikombe cha pombe! Nilikwenda mbio kwa mwalimu wa madrasa. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, kioshe mama, uza karanga zako."

La bia likaisha hapo. La ufa halikuisha. Usingizi ulimruka, akakifungia kikombe sandukuni na kuja gulioni na cha plastiki.

"Wateja wakasema kinapunja. Nikawapimia mbele ya macho yao, sawasawa! Wakasema hata kama. Wakahamia kwa wengine, nikawa narudi na magunia yangu vilevile. Ndipo nikakitoa tena, roho juu."

Anakipangusa kikombe vumbi kwa kiganja.

"Naogopa kukitumia, naogopa kutokitumia. Nikikiuza, nani ataniamini? Kikivunjika mkononi mwangu, nitamwambia nini bibi yangu kaburini?" Machozi yanamlengalenga, anayafuta kwa ncha ya mtandio.

Dawa ameitafuta kwa Mustapha, fundi bati wa hapo gulioni. Mustapha amemtengenezea kikombe cha bati cha ujazo uleule, na ubavuni amechora simba wawili kwa msumari.

"Mbuzi hao," anasema Bibi Swaumu.

"Mchina naye hakuwahi kumwona simba!" Mustapha anajitetea, na hata Mwajabu anacheka.

Mpango wake ni kumimina karanga kutoka kikombe cha zamani hadi cha bati mbele ya gulio zima, wazee wakiwa mashahidi. Kisha cha zamani kitapanda juu ya kabati. "Nikitazame huku nakunywa chai yangu, moyo umetulia. Sitaki kingine."

Binti mdogo anafika na mfuko wake. "Shikamoo. Mama amesema unipe simba mbili."

"Marahaba, mwanangu." Mwajabu anachukua kikombe cha bati.

Mtoto anawatazama wale mbuzi. Anauficha mfuko nyuma ya mgongo.

Mwajabu anashusha pumzi, anaweka bati chini, anakichukua tena kile cha kauri. "Gulio lijalo," anasema bila kumtazama mtu. "Wallahi, gulio lijalo kitabaki nyumbani."

"Ndivyo ulivyosema gulio lililopita," anasema Bibi Swaumu.

Kikombe kinazama kwenye gunia la karanga, na Mwajabu amefumba macho.