Mtu wa Dirishani

Nalinda ukumbi wa makumbusho mjini Washington. Kazi ni kusimama tu, jicho moja linatosha. Mwaka huu walitundika michoro ya dhihaka ya Ulaya ya karne ya kumi na nane, watu walipouziana hisa za upepo mpaka wakafilisika. Niliishia darasa la saba, lakini mchoro mmoja haukuhitaji kusomewa. Mtu anapuliza mapovu, wenzake wanayagombania. Mmoja yuko chini, umati unampasua kwa fimbo. Juu dirishani, bwana mwenye wigi anatazama.

Wa chini ni mimi. Wa dirishani ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Simfichi.

Upatu wetu wa Alexandria, ng'ambo ya mto kutoka Washington, ulikuwa na sheria mbili: fedha hukabidhiwa mkononi mbele ya wote, baada ya pilau, na aliyemleta mtu ndiye mdhamini wake. Shemeji nilimleta mimi. Kwa kuwa yeye ndiye aliyetuombea dua kila kikao, tukaivunja sheria ya kwanza, tukamtumia fedha zote kwa simu, azizalishe kwenye sarafu za mtandaoni. Zilipoyeyuka, watu hawakumgusa yeye. Walimfuata mdhamini.

Rafiki yangu Mkongo, fundi magari, mwenzetu wa upatu, alinipiga kwa spana ya magurudumu pale maegeshoni kwetu.

"Mwizi! Umezificha wapi?"

Mfupa niliusikia kabla ya maumivu. Jicho likamwagika shavuni. Kwa lile lililobaki nikamwona shemeji kwenye dirisha langu, anakunywa chai yangu.

Mwaka wa tatu huo fundi ananiita mwizi. Basi nikaupiga picha ule mchoro, nikampelekea gereji kwake, Riverdale Park.

"Nani anapigwa hapa?"

Akacheka. "Ni weye, kaka."

"Na huyu wa juu?"

Kicheko kikakatika. Akaitazama simu, akanitazama jicho.

"Huyu mutu, shemeji yako, alikuwa pale yulu? Mi nakuua, ye anaangalia?"

"Na kikombe mkononi."

Akachukua spana. Ileile.

Shemeji alifungua mlango mwenyewe, kule Germantown. "Karibuni, ndugu za..." Pigo la kwanza lilikula meno. La pili sijui lilikula nini. Dada yangu alinivuta shati, "Kaka, mwambie aache! Kaka!"

Neno moja tu lingetosha. Nilisogea dirishani, nikatazama.