Mpagazi Aliyeomba Kutuliwa Mzigo

Usiniamini kwa heshima tu. Nenda ukakague mahali penyewe: ni nje kidogo ya Msanzi, huku Ufipa, kando ya njia ya zamani ya jeshi iendayo Kasesya. Nilikuwepo mwenyewe, sijalewa, na jua lilikuwa limekwisha kutoka.

Kwa miaka mingi niliitafuta kambi ya wapagazi wa vita vya Mjerumani na Mwingereza. Wazee walisema wengi walikufa hapo kwa njaa na kuhara, wakazikwa bila alama. Lakini wapi hasa? Mwaka mmoja katapila lilikuwa linakuja kuchimba moramu ya barabara kwenye kilima nilichokishuku, kilima kizima. Kwenye mkutano wa kijiji nilimsihi mwenyekiti alizuie.

"Ndugu yangu, nionyeshe kaburi moja tu," akanijibu. "Maana kwa kichwa chako, Ufipa yote ni kambi."

Watu wakacheka. Nami sikuwa na kaburi la kuonyesha.

Asubuhi ya kuchimba nilitangulia kilimani. Ukungu ulikuwa umelala chini. Akatokea mwanamume aliyejitwika kasha, shingo imezama mabegani. Nikamsalimia, hakuitikia. Unajua desturi yetu Wafipa: salamu kamili ni kuchuchumaa na kupiga makofi. Mwenye mzigo kichwani atafanyaje?

"Nitue kwanza, ndugu," akasema, "nikusalimie kama mtu."

Nikamtua. Niamini, gunia la mahindi nalijua. Kasha lile lilikaribia kuniangusha. Akachuchumaa, akapiga makofi taratibu. Nikapiga yangu. Ndipo makofi mengine yakaitikia kutoka ardhini, safu kwa safu. Nilikimbia? Nilitamani. Nilikata vijiti, nikavichomeka kila mahali yaliposikika. Nilipoinua macho, hapakuwa na mtu wala kasha.

Mwenyekiti alipofika na katapila, nikamwomba achimbe kwa jembe penye kijiti chochote, achague mwenyewe. Shimo halijafika magotini, fuvu likatokea. Akachagua kingine: mifupa. Akavua kofia.

"Rudisheni mashine," akasema. Hakuna aliyecheka.

Leo kilima kina uzio, padri amekibariki, na penye kila kijiti pamesimama msalaba. Siku ya misa, vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Shingo yangu haijanyooka vizuri tangu asubuhi ile, na hospitali hawaoni kitu. Sijuti.

Ila wewe upitaye njia ile kwenye ukungu, mtu akikuomba umtue, mtue. Akikuomba umtwike tena, kataa, hata akikusihi. Mwambie vita vimekwisha, amefika.