Hoja Yangu ya Kandambili

Namshukuru Mungu kwa aibu aliyonipa Ijumaa iliyopita hapa mtaani Mikelenge. Wakati wa vita tulizoea kuswali viatu vikiwa karibu, tayari kukimbia. Ijumaa hiyo radi ilinguruma kama mizinga, nami sikutulia msikitini. Nilipotoka, kandambili zangu hazikuwapo mlangoni. Nikamsimamisha Ramazani, muuza mawese pale nje ya msikiti, mbele ya wateja wake.

“Nilizivua hapa. Aliyetangulia kutoka ni wewe peke yako. Basi umezichukua.”

Wateja wakaanza kuondoka.

“Baba, maneno yako yanafuatana muzuri,” akasema Ramazani. “Lakini ile ya kwanza iko kweli? Ulizivua hapa?”

“Nilizivua hapa hapa,” nikasisitiza, nikapenyeza mkono ndani ya koti nitoe leso ya kufuta jasho.

Mkono ukatoka na kandambili.