Pua ya Chumba cha Viungo

Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau. Kazini aliitwa Pua, na mwenyewe akaitika. Miaka kumi na minane alichanganya chai ya viungo katika kiwanda kidogo nyuma ya karakana ya milango: mchaichai, tangawizi kavu, iliki, karafuu, mdalasini. Kipimo hakikuandikwa popote. Kila mchanganyiko ulipokamilika, konzi moja iliwekwa kwenye chupa, ikaitwa mzazi. Mchanganyiko uliofuata ulinuswa pamoja na huyo mzazi mpaka ufanane naye. Mizani, alikuwa akisema kwa maringo, ni ya wauza misumari.

Basi yakamjia mafua ya siku nne, yakaondoka na pua yake. Wiki ya tatu sasa hanusi kitu! Karafuu anaitafuna, anahisi ganzi tu ulimini. Angemwambia nani? Pua asiye na pua si kichekesho hicho? Akaamua kufumba mdomo, akawa anachota kwa mazoea ya mkono huku akijiombea.

Asubuhi hiyo bosi akamwita ofisini. Mezani vikombe viwili vya chai.

"Dada, hoteli moja inataka chai yetu mwaka mzima, mradi ladha isibadilike. Kimoja ni cha mwaka jana, kimoja cha jana. Nionyeshe cha jana."

Akanywa cha kwanza. Maji ya moto. Akanywa cha pili. Maji ya moto vilevile. Akachungulia rangi, akavizungusha, akarudia. Labda hiki? Mbona kile kizito zaidi? Au ni macho tu? Akikosea, kazi imekwenda, na jina nalo.

"Bosi, sijui," akasema, na machozi yakamlenga. "Sinusi. Wiki ya tatu."

Bosi akavisogeza vikombe kando. "Usinitanie! Mimi mwenyewe nimeshindwa kuvitofautisha, ndiyo maana nikakuita."

Pua akazidi kuchanganyikiwa. Kachota kama kipofu wiki tatu, na chai haijabadilika? Mkono wake una akili kiasi hicho?

Mlangoni mtu akakohoa. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mfungaji wa pakiti, miaka yote hiyo kiti chake kikiwa hatua mbili kutoka meza ya kuchanganyia.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," wifi akasema, macho chini. "Siku ile ulipotia karafuu mara mbili nikajua. Nimekuwa nikirekebisha kabla ya kufunga. Iliki kidogo, mchaichai kidogo."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe. Si ulikuwa ukinusa kwa sauti kama redio, ukitaja kila kilichopungua?"

Bosi akacheka, akapumua, akasema basi mambo yamekwisha: wifi achanganye, Pua asimamie. Akachukua simu awapigie hoteli.

Pua akarudi kwenye meza yake asijue amkumbatie wifi yake au amzabe kofi. Aibu ilikuwepo, shukrani ilikuwepo, na hasira nayo haikubaki nyuma.

"Wifi, nisimamie nini mimi?"

"Uniambie nikikosea."

"Nitajuaje?"

Wifi akaanza kuchambua iliki.