Mgeni Aliyeshiba Maji na Jina la Somoe

Usiponiamini shauri yako, lakini haya yalitokea barazani kwangu, hapa Marambo, jua likiwa bado linawaka. Mimi si mtu wa ndoto.

Mjukuu wangu Somoe alirudi kutoka chuo na kompyuta yake, akawa anatengeneza programu ya mawimbi ya bahari. Nikamcheka. "Mawimbi, Marambo? Bahari yetu sisi ni vumbi."

"Bibi nawe! Mawimbi yanapimwa hukohuko baharini. Mimi narekebisha programu inayosoma vipimo. Ni kama kisima cha kijiji, haina mwenyewe. Anayejua anazibua, wote wanachota."

Ubovu wa programu alinieleza nikaelewa. Si unajua magunia ya korosho ghalani, kila moja na kitambaa cha mwenyewe? Basi kila kipimo cha wimbi nacho kina kitambaa chake: saa, mahali, linakotoka. Programu ikifungua mzigo, vitambaa vinadondoka. Zinabaki namba tu, hazijulikani za nani. Somoe alihangaika nayo hadi chakula kikawa kinapoa mbele yake.

Alasiri moja nabangua korosho barazani, Somoe na kompyuta yake kando yangu, nikasikia hodi. Mwanamume, nguo zinachuruzika maji. Kiangazi kile, mvua itoke wapi? Nikamkaribisha mkekani, nikampa maji ya kunywa, ndiyo heshima.

"Nimeshiba maji, bibi," akasema.

Nikamuuliza ni wa ukoo gani. Akajibu jina lake lilidondoka siku wimbi lilipomchukua. Kisha akamgeukia Somoe. "Ndiye wewe unayefunga vitambaa?"

Nikamkonyeza mjukuu wangu aingie ndani, wallahi. Na Somoe hata macho hakuinua! Alidhani ni jirani anatania. "Subiri kaka, ndiyo najaribu. Huna jina? Nakuwekea la kwangu kwa muda." Akaandika Somoe.

Huku kwetu jina hutoka kwa marehemu, mtoto akapewa, ukoo usikatike. Nani aliwahi kumpa marehemu jina la aliye hai?

"Limeshika!" Somoe akapiga makofi. "Bibi, halidondoki tena!"

Mgeni akacheka. "Ahsante. Nimepata." Akaondoka, akashika njia ya Chiola. Pale alipokaa pamekauka pakabaki chumvi. Njoo uionje. Nimesugua kwa majivu, haitoki.

Programu ilipona. Watu wa nchi za mbali wakamwandikia Somoe pongezi. Hakuzijibu, alisema hajui ameandikiwa nani. Nikamwambia, futa lile jina. Akatafuta, akaniambia haoni jina lolote la kufuta.

Shehe amemsomea. Mganga wa Narung'ombe amemchanja. Wapi! Mtoto anakaa ninapomkalisha, anakula nikimlisha. Mimi ni mzee, nikifa nani atamlisha?

Kwa hiyo nakuambia wewe unayesoma: mgeni asiye na jina mpe maji, mpe ugali, mpe mkeka. Jina lako usimpe, hata kwa kujaribu.

Kila jioni bado naita nikiwa jikoni, "Somoe!" Mwenyewe kakaa mbele yangu, hata shingo hageuzi. Anayeitika yuko njia ya Chiola, sauti nzito ya kiume:

"Abee, bibi."