Pua ya Wifi Yangu

Mimi si mtu wa kusifia watu ovyo, wanaonijua wanajua. Lakini wifi yangu, mke wa kaka yangu, nitamsifu mpaka mnichoke. Yeye yuko maabara ya kituo cha kusafisha maji, mimi napika chai kantini ya hapohapo. Kazi yake ni kunusa na kuonja maji kabla hayajaenda mjini. Siku kaka alipotuambia, tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yaani mtu analipwa kwa kunywa maji? Tukambandika jina, Pua, na likamganda.

Basi mwaka huo jua lilikuwa kali, bwawa likapungua, mwani ukajaa. Asubuhi moja Pua akaonja maji palepale kantini kwetu, akatema.

"Yana harufu ya tope," akasema. "Msifungue vali ya mjini."

Bosi wetu alikuwa mgeni, mtu wa mashine na takwimu. Akatoa chupa ya maji hayohayo kwenye friji, akanusa.

"Mbona mimi sisikii kitu? Mashine inasema ni salama. Mji mzima unasubiri."

"Ni salama, bosi, lakini yananuka. Mtu akisikia tope kwenye kikombe hatayanywa. Ataenda kuchota mtoni, maji yasiyonuka lakini yana maradhi."

"Basi ongezeni klorini."

"Klorini haiondoi tope. Tutawanywesha tope na dawa pamoja."

Bosi akakunja uso. Akasema mbele yetu sote kwamba akicheleweshwa bure, kesho Pua ataripoti stoo kupanga mabomba, na mkataba wake ukiisha, basi. Kaka alikuwa hana kazi mwezi wa tatu huo; nyumba nzima ilikuwa inakula kwa pua ya huyo mwanamke. Nikamvuta hadi jikoni.

"Wifi, funika kombe mwanaharamu apite! Sema umekosea, yaishe."

"Nikose kazi, sawa. Hayo maji siyaruhusu," akasema. "Nipe birika."

Akamimina maji ya ile chupa ya friji kwenye birika, akayapasha bila kuyachemsha, akampelekea bosi kwenye glasi. Bosi akasogeza pua, akarudi nyuma.

"Lahaula! Ni nini hiki?"

"Maji yakiwa baridi, harufu inajificha. Watu wanapika chai, bosi, hawapiki barafu."

Nilicheka peke yangu. Kantini nzima ilinitazama, sikujali.

Pua akaagiza ule unga maalumu wa mkaa unaonyonya harufu. Wakaumwaga kwenye tangi, maji yakawa meusi tititi. Ikabidi kusubiri mkaa ufanye kazi yake, utuame, kisha maji yapite kwenye vichujio. Huku simu za mjini zinalia, kila mtu anauliza maji yako wapi. Ilipofika saa nane, tukiwa sote kando ya vali, bosi uvumilivu ukamwisha.

"Yameshakuwa meupe. Fungua," akamwambia fundi wa vali.

Fundi, mzee wa miaka thelathini kazini, akashika gurudumu la vali. Hakulizungusha. Akamgeukia Pua.

"Dada, nifungue?"

Jamani! Na bosi amesimama palepale! Pua hakumtazama hata mmoja wao. Akapasha maji, akanusa, akayazungusha mdomoni, akatema.

"Bado."

Bosi akavuta kiti, akakaa kungoja kama sisi wengine. Nilimpelekea chai, niliyoipika kwa maji ya akiba, akaipokea, akanywa.

Saa kumi Pua akaonja tena. Safari hii akameza, akamaliza glasi yote.

"Fungua, mzee wangu."

Gurudumu likazunguka, mabomba yakaanza kunguruma. Machozi yalinitoka, nami sioni haya kusema. Nikamwambia fundi, "Huyo ni wifi yangu, unajua?"

"Nani asiyejua?" akajibu. "Tangu asubuhi unatupigia kelele."